Nganya Mjini Surabaya: Nani Anamdai Nani?

Matatu za Kenya zimekuwa zikipita mitaa ya Surabaya kwa miaka kadhaa sasa, taa za rangi zikiwaka na muziki ukiwa juu. Zinapita ndani ya Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya Indonesia, na ambayo imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100. Maleo haikuunda matatu hizo. Ilichofanya ni kumruhusu mchezaji achore mwenyewe rangi za basi lake, na baadaye aingize gari zima alilolitengeneza kwenye kompyuta, yaani modi. Vijana wetu hawakungoja kuambiwa mara mbili. Nganya, yaani matatu hizo za madoido, zikaingia. Ilisaidia pia kwamba Waindonesia, kama sisi, huendesha upande wa kushoto: usukani kulia, mlango wa abiria kushoto, kila kitu mahali pake.

Hapo kuna deni, ila haijulikani nani anamdai nani. Kampuni imempa kijana uwanja. Kijana naye ameujaza uwanja huo bila mshahara, na toleo jipya likimuudhi huandika maneno ambayo mama yake asingependa kuyasoma. Ugomvi wa watengenezaji wa gemu na mashabiki wao una historia ndefu Ulaya, Marekani na Japani. Mimi nimetaka kuusikia ukisemwa kutoka Kajiado, kwa hiyo nimewaketisha watu wanne kwenye kibanda cha gemu Kitengela, hatua chache kutoka barabara ya Namanga: mwenye kibanda, fundi wa modi kutoka Ongata Rongai, mtengenezaji wa gemu anayelala Kitengela na kufanya kazi Nairobi, na mwalimu wa kompyuta kutoka mjini Kajiado. Wasemaji nimewabuni. Kampuni, gemu na visa wanavyovitaja sikuvibuni.

MWENYE KIBANDA: Nitaanza mimi, kwa sababu tokeni za stima ninanunua mimi. Kila siku nawasikia vijana hapa wakiapa kwamba Konami, wenye gemu ya mpira ya PES, ni wezi, na wapinzani wao EA ni wezi zaidi. Wanaapa huku pedi iko mkononi. Hapa mechi ni shilingi 20 na anayefungwa ndiye analipa. Kwa hivyo Mwalimu, kabla hujaniambia habari za mapenzi ya mashabiki, jua kwamba nusu ya hasira ninayoisikia ni ya mtu aliyefungwa tatu bila jibu mbele ya rafiki zake.

FUNDI WA MODI: Na ile nusu nyingine, mathe?

MWENYE KIBANDA: Hiyo nyingine ni ya haki. Mwaka 2021 Konami waliua PES wakaleta eFootball, tarehe 30 Septemba. Nyuso za wachezaji zilikuwa za kutisha. Vijana walicheka mpaka wakalia. Konami wenyewe waliomba radhi baada ya siku chache, na toleo lililokamilika kidogo lilikuja Aprili mwaka uliofuata. Miezi sita! Mimi nikipika chapati mbichi nitamwambia mteja arudi baada ya miezi sita?

MTENGENEZAJI: Lakini eFootball ilikuwa ya bure, mama.

MWENYE KIBANDA: Ya bure kwako. Mimi nina viti, nina kodi ya kibanda, na nina watu waliokuja kwa ajili ya PES. Nilichofanya ni kuwarudishia ile ya zamani, yenye jezi mpya ambazo mashabiki wamezitia wenyewe. Konami hawajui kwamba niko duniani. Mteja wao ninamhudumia mimi, kwa bidhaa ambayo wao wameshaiacha.

MWALIMU: Hilo ni muhimu kuliko linavyosikika. Tukisema shabiki na mtengenezaji, tunafikiria watu wawili wanaotazamana. Hapa Kitengela hawatazamani hata kidogo. Kati yao kuna mwenye kibanda, kuna muuza diski za mitumba, kuna kijana anayejua kuvunja ulinzi wa programu, na kuna akaunti iliyoandikishwa kana kwamba mwenyewe anaishi Texas.

Naomba niingilie hapo, kwa kuwa wasomaji wengine huenda wasielewe habari ya Texas. Sony haiiweki Kenya kwenye orodha ya nchi ambamo mtu anaweza kufungua akaunti ya mtandao wa PlayStation. Kusini mwa Sahara iliyomo ni Afrika Kusini peke yake. Mashine yenyewe inauzwa mjini Nairobi mchana kweupe, gemu zake pia, lakini ili uicheze na wenzako mtandaoni sharti useme uongo kuhusu unakoishi. Nimeona watu wakilifanyia jambo hili mzaha. Kwangu ni dharau ya kampuni kwa mteja aliyekwisha kulipa, na mjadala wowote wa adabu za mashabiki unaoanza bila kulitaja umeanzia katikati ya njia.

MTENGENEZAJI: Sikatai. Lakini nataka tuongee juu ya mtu anayeketi upande wa pili wa hiyo dharau, maana mimi ni mmoja wao. Mwaka 2016 kampuni ndogo ya Guildford, Uingereza, iitwayo Hello Games, iliahirisha No Man's Sky kwa wiki chache tu. Mkuu wake, Sean Murray, akatumiwa vitisho vya kuuawa. Wiki chache! Gemu ilipotoka Agosti mwaka huo, watu waligundua kwamba mengi yaliyoahidiwa hayamo. Hasira ikawa moto wa nyika.

FUNDI WA MODI: Na walistahili. Aliahidi kwenye televisheni, watu wakalipa bei kamili, hawakupata.

MTENGENEZAJI: Walistahili kudaiwa pesa. Hakuna anayestahili kuambiwa atauawa. Na ona kilichofuata: Hello Games walinyamaza, wakafanya kazi, wakatoa toleo moja baada ya jingine bila kudai hata senti. Kufikia 2018 gemu ilikuwa imekuwa kitu kingine kabisa. Mwaka 2019 mashabiki walichanga pesa wakaweka bango la shukrani karibu na ofisi zao.

FUNDI WA MODI: Kaka, umejijibu mwenyewe. Bila kelele wangefanya hiyo kazi?

MTENGENEZAJI: Sijui. Wewe pia hujui. Lakini kelele ina watu wake wa kulipa, na mara nyingi si wakubwa. Julai 2018, ArenaNet ya Marekani, wenye Guild Wars 2, iliwafukuza waandishi wake wawili, Jessica Price na Peter Fries, baada ya majibizano na mashabiki kwenye Twitter. Mwanamke alimjibu shabiki kwa ukali kuhusu kazi yake, mwenzake akamtetea, wote wakaenda nyumbani. Mnaposema kampuni isikilize mashabiki, kumbukeni kwamba kampuni ikitaka kuonekana inasikiliza, humtafuta mfanyakazi wa kutupa.

MWALIMU: Hapo naomba tutenganishe. Kuna mtu anayetunga, na kuna mtu anayeamua. Mara nyingi anayetunga ndiye mwenye jina mtandaoni, ndiye anayeweza kutukanwa. Anayeamua bei, tarehe na nchi za kuuzia hana hata picha. Kwa hiyo shabiki anampiga aliye karibu.

FUNDI WA MODI: Basi nikupe kisa ambacho kelele ilimpata anayeamua. Helldivers 2, Februari 2024. Imetengenezwa na Arrowhead, kampuni ya Stockholm, lakini mwenye kuitoa ni Sony. Watu walinunua kwenye kompyuta, wakacheza miezi mitatu. Mwezi wa tano Sony wakasema: kila mtu aunganishe akaunti ya PlayStation. Na Mwalimu, umeshadokeza, Kenya haina hiyo akaunti. Nchi na maeneo 177 kwa jumla, sisi tukiwemo, tukaondolewa dukani. Watu duniani wakaandika maoni mabaya zaidi ya 200,000 kwa siku tatu. Mkuu wa Arrowhead wakati huo, Johan Pilestedt, hakuwatukana mashabiki. Aliwaelewa, na akakiri sehemu yake ya lawama. Sony wakarudi nyuma. Siku tatu tu, bro.

MTENGENEZAJI: Na huyo msimamizi wa mashabiki wa Arrowhead aliyewaambia watu walalamike waziwazi? Alipoteza kazi.

FUNDI WA MODI: Eh. Hilo ni kweli.

Kisa hiki cha Helldivers husimuliwa kama ushindi wa mashabiki, na ni ushindi. Wengi huishia pale Sony iliporudi nyuma. Ukiendelea kidogo utaona kwamba sharti la akaunti liliondolewa, lakini zile nchi 177 hazikurudishwa dukani siku ile wala mwezi ule. Zilikaa nje kwa muda mrefu. Mmarekani na Mswidi waliendelea kucheza kama kawaida, wakijipongeza kwamba wameipigania haki ya watu wote, huku mtu wa Kitengela ambaye hakuwa ameinunua mapema akikuta bado haiuzwi kwake. Hasira iliyotumia jina lake ilizima kabla ya kumfikia. Sisemi mashabiki wa Ulaya walikuwa na nia mbaya. Nasema kwamba kelele ina jiografia, na sisi tuko pembeni yake.

MWALIMU: Ni kama lile vuguvugu la Ross Scott wa YouTube. Ubisoft waliifunga gemu ya magari, The Crew, tarehe 31 Machi 2024. Ilikuwa ya mwaka 2014. Seva zikazimwa, na waliokuwa wameinunua wakabaki na kitu kisichofunguka. Scott akaanzisha kampeni ya kuzitaka kampuni ziache gemu zikichezeka hata baada ya kuacha kuziuza. Ombi la kampeni hiyo kwa Umoja wa Ulaya likavuka sahihi milioni moja mwaka 2025. Jambo zuri sana. Lakini mwenye haki ya kutia sahihi alikuwa raia wa Umoja wa Ulaya. Mwanafunzi wangu wa Kajiado aliyeipenda gemu ile alibaki kuwaombea wenzake.

MWENYE KIBANDA: Sasa ninyi mnaongea juu ya watu wanaonunua. Huyu kijana wa Rongai yeye anauza. Hebu tumuulize.

FUNDI WA MODI: Siuzi gemu ya mtu, mathe. Nauza kazi yangu. Naenda steji, napiga picha nganya pande zote, narudi naichonga kwenye Blender, nabandika michoro, naweka honi na taa. Ikikamilika nawapa watu kwa WhatsApp, wananitumia M-Pesa kidogo. Maleo hawanilipi. Lakini niulize: ni Wakenya wangapi wangeendelea kuicheza hiyo gemu kwa sababu ya mabasi ya Java? Sisi ndio tumeifanya iwe ya hapa.

MTENGENEZAJI: Hapo niko upande wako kabisa. Na historia iko upande wako. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe, vijana wawili tu. Valve, wenye Half-Life, waliona, wakawaajiri. Dota ilizaliwa ndani ya Warcraft III. Brendan Greene alikuwa anatengeneza modi za ARMA kabla ya PUBG kutoka 2017. Mashabiki ndio maabara ya sekta hii, na wengi wao hawalipwi. Wanaobahatika huajiriwa. Wengine huandikiwa barua na wakili.

MWALIMU: Barua ya wakili ina msingi. Take-Two, wenye Grand Theft Auto, waliwafuata mwaka 2021 mashabiki walioifumua programu ya GTA III na Vice City wakaiandika upya. Ukipenda nyumba ya mtu sana, bado si yako.

FUNDI WA MODI: Mwalimu, Maleo walifungua mlango wenyewe! Mimi sikuvunja kitu.

MWALIMU: Nakubali. Basi tuache Maleo. Niambie juu ya mlango mwingine. Hiyo nganya uliyoipiga picha steji, nani aliichora?

FUNDI WA MODI: Kuna msanii wa grafiti. Anajulikana.

MWALIMU: Jina lake liko kwenye modi yako?

FUNDI WA MODI: ...Liko jina langu.

MWENYE KIBANDA: Haya! Na modi yako ikisambazwa bure na wale vijana wa Telegram, wewe hufanya nini?

FUNDI WA MODI: Naifunga kwa neno la siri. Wakiivunja nawatangaza kila mahali kwamba ni wezi wa jasho.

MWENYE KIBANDA: Jasho la nani, mwanangu? La mchoraji au lako?

Walicheka wote, hata fundi mwenyewe, ingawa nadhani yeye alicheka baadaye kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda mchoro, na inalinda programu ya kompyuta pia, kwa hiyo hakuna kati ya watu hawa aliye nje ya uzio. Kwenye njia za Ngong, Rongai na Kitengela, mchoraji wa nganya ni msanii ambaye kazi yake huonekana na maelfu ya watu kila asubuhi. Modi inampeleka mbali zaidi, hadi kwenye simu ya mtoto asiyewahi kufika Kenya. Inampeleka bila jina. Shabiki anayeilalamikia kampuni kwamba inafaidika na kazi yake bila kumtambua anaweza, siku hiyohiyo, kuwa kampuni kwa mtu mwingine.

MTENGENEZAJI: Mimi nina lalamiko langu, na si juu ya Maleo wala Sony. Ni juu yenu. Andrew Kaggia alitoa Nairobi X mwaka 2015: viumbe kutoka angani wameivamia Nairobi, unapigana nao mitaani kwako. Kabla yake Planet Rackus walikuwa na Ma3Racer, mbio za matatu kwenye simu za Nokia. Jiwe Studios wakaja na Usoni, Wazungu wakikimbilia Afrika kama wakimbizi. Mnazijua? Mmeshazicheza?

FUNDI WA MODI: Nairobi X niliicheza. Haikuwa mbaya, kwa ya Mkenya.

MTENGENEZAJI: Hayo ndiyo maneno yanayoniua. "Kwa ya Mkenya." Konami akikosea mnamtukana, maana mnamwona ni mtu mzima. Mimi nikikosea mnanihurumia, kisha hamrudi tena. Nilitoa gemu yangu ndogo ya simu, watu wakanipa nyota tano na pongezi za uzalendo. Hakuna aliyeniambia kwamba hatua ya tatu inakwama kwenye simu za bei nafuu. Niligundua mwenyewe. Kama mngenitukana kidogo ningeirekebisha wiki ya kwanza.

MWENYE KIBANDA: Unataka matusi?

MTENGENEZAJI: Nataka mteja. Mteja hununua, hulalamika, hurudi. Huyo wa pongezi ni jamaa wa harusini.

MWALIMU: Lakini nawe ukumbuke bei. Hapa kibandani kijana analipa shilingi 20. Wewe umezoea kufikiria mtu mmoja, simu moja, malipo kwa kadi. Sylvia Gathoni, yule wa gemu ya Tekken anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 akitokea Nairobi. Kipaji kipo, ushabiki upo. Duka linalolingana na mfuko wa hapa ndilo halipo, na hilo hata ninyi watengenezaji wa nyumbani hamjalijenga.

MTENGENEZAJI: Mama, ukiletewa gemu ya Mkenya, wewe ungeiweka kwenye skrini moja?

MWENYE KIBANDA: Niletee. Niwekee ya watu wawili, pedi mbili, dakika tano mshindi ajulikane. Hizi zenu zote ni za mtu mmoja kukaa saa nzima akitafuta njia. Huyo mimi nitamtoza nini? Mlikuja lini kuniuliza?

Mtengenezaji alitoa daftari akaandika. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali zito kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na lilitoka kwa mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kampuni za nje huwa na watu wanaolipwa kuzungumza na mashabiki, na bado hukosana nao. Watengenezaji wetu wako mwendo wa matatu moja kutoka kwa wachezaji wao na hawajapanda.

Hukumu yangu haitawapendeza wote wanne. Shabiki ana haki kamili juu ya alichouziwa na alichoahidiwa. Adai pesa zake, aandike nyota moja, aseme wazi. Hana haki yoyote juu ya mwili, familia wala usingizi wa aliyetunga, na anayetuma vitisho huko Guildford au hapa kwetu anastahili kushtakiwa. Kampuni inayokusanya pesa Kenya iwape Wakenya akaunti halali au ikome kutuuzia mashine. Na mafundi wa modi wa Rongai na Kitengela, wanaotaka Maleo iwatambue, waanze na steji: kila nganya itoke na jina la aliyeichora, na kama modi inauzwa, mchoraji apate fungu lake. Ukipakua nganya wiki hii ukute jina la msanii halimo, mwandikie aliyeitengeneza umuulize.